Mkaguzi Hayupo Nyumbani

Mtaani kwetu mume wangu walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na wala hawakumsingizia. Mtu gani anarudi Jumamosi jioni, halafu Jumatatu chai haijapoa keshafunga begi? Nikiulizwa yuko wapi nasema kasafiri, na anayeuliza anaanza kucheka kabla sijamaliza. Jirani yangu wa dukani, mwanamke ambaye mdomo wake hauna breki, aliniuliza kama niliolewa na mtu au na begi. Nilicheka naye, ila yaliniuma.

Kazi yake ni kukagua majengo. Shule imepasuka ukuta, soko limeanza kuinama, ofisi yao inapigiwa simu, naye huyo anapanda basi kwenda kuangalia. Akirudi, mezani msemaji ni yeye tu. Alitueleza jinsi wanavyobandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, gundi huku na gundi huku, kisha wanakiacha. Ukuta ukisogea hata kidogo tu, kioo kinakatika. “Nikikuta kimekatika simbembelezi mtu,” alisema huku akinyoosha kijiko. “Nawatoa wote siku hiyo hiyo, hata kama kuna mzee bafuni ana sabuni machoni.” Binti yetu alimwangalia kama anamwona waziri. Na mimi nilimwangalia hivyo hivyo, sikatai.

Kila mji aliokwenda alirudi na picha yake kubwa, imetiwa fremu. Daraja, kituo cha treni, uwanja wenye njiwa. Alizitundika mwenyewe kwenye korido ya chini, ile ya kutoka mlango wa mbele hadi kwenye ngazi, fremu zimebanana hadi kugusana, na mahali pa kila moja alichagua yeye. Mimi sikuruhusiwa kushika hata kitambaa cha vumbi. “Utaziangusha,” alisema, “nitazifuta mwenyewe.” Na kweli alizifuta. Akiingia tu, hata salamu hajamaliza, utamkuta kasimama koridoni ametupa mgongo, anainua picha moja moja. Nilidhani anajikumbusha raha alizoziacha huko. Niliuonea wivu mpaka ule ukuta.

Ghorofani, chumba cha mbele, alikaa mama mkwe wangu. Nyonga zilimsumbua, ngazi aliziogopa, kwa hiyo maisha yake yalikuwa kiti na dirisha. Kutoka pale aliwatania wapita njia wote, akawasema kofia zao na wachumba wao. Siku moja ya mapumziko, tumekaa kwake tunakula, akamgeukia mwanawe.

“Hebu nikuulize. Hizi safari zako, wewe unakwenda au unatoka?”

Mume wangu akacheka, tena kicheko kirefu kuliko swali. “Mama, mtu akikaa mahali pamoja anazeeka.”

“Mimi nimekaa mahali pamoja.”

“Si ndiyo nasema!”

Tukaangua kicheko wote. Lakini mume wangu sahani yake aliisukuma ikiwa nusu, na usiku ule ule alipigia ofisi kuuliza kama kuna kazi ya nje.

Nyumba yenyewe niieleze. Chini alijenga baba yake, na msingi wake ulichimbwa kwa nyumba ya chini tu. Ghorofa aliongeza mume wangu, ramani kachora yeye, mafundi kawasimamia yeye, mara tu alipopandishwa cheo. Alitaka mtaa ujue. Nani angekuja kumkagua mkaguzi?

Mwaka ule alishikwa na ugonjwa wa kuhamisha vitu. Kwanza tangi la maji likashushwa kutoka juu ya paa, likawekwa uani, nikaanza kupandisha ndoo kama sina bomba. Halafu kabati kubwa nililopewa na wazazi wangu likateremshwa. Halafu vitanda, chetu na cha binti yetu, vikahamishiwa vyumba vya nyuma vya chini, eti kuna upepo mzuri. Mama yake naye akabembelezwa ahame.

“Dirisha langu silitoi,” alisema bibi wa watu.

“Mama, nyuma kuna hewa.”

“Hewa nitavuta nikifa. Niache na watu wangu wa barabarani.”

Akabembeleza, akanuna, mwisho akafunga begi akaondoka. Huyo ndiye alikuwa mume wangu. Ukimbana kidogo, amekwisha kufika kituo cha mabasi.

Mlango wa bafu la chini ukaanza kukataa kufunga. Akaupiga randa, akasema unyevu. Aliporudi safari nyingine ulikuwa unakataa tena. Mchana mmoja, niko peke yangu jikoni, nikasikia kitu kimekatika ndani ya ukuta, kama mtu kavunja kijiti kikavu. Nikasimama kusikiliza, kimya. Nikasema panya hao, nikaenda dukani nikanunua mtego, nikauweka koridoni na kipande cha samaki. Mtego ulikaa pale wiki nzima na samaki wake mpaka akanuka.

Alipokuwa anafunga begi mara ya mwisho, nilimfuata chumbani, nikafunga mlango kwa mgongo.

“Unanikimbia?”

“Nani akukimbie wewe, mke wangu?”

“Basi unakimbia nini? Maana kusafiri huku si bure.”

Akavuta zipu. Ikakwama, akaivuta tena na tena, na mimi mjinga nikadhani ni hasira. “Kazi ni kazi,” akasema. “Watu wengine wanaona safari ni anasa.” Akambusu binti yetu, akapanda juu kumuaga mama yake, akakaa kule muda mrefu kuliko kawaida, akaondoka.

Siku ya pili yake, asubuhi, binti yetu yuko shule, mlango ukagongwa. Dereva wa ofisi yao. Kijana wa watu mpole, tulizoea kutaniana.

“Shemeji, bosi yupo? Nimemletea mizigo yake, meza yake ofisini anapewa mwingine.”

“Bosi si mko naye safarini?”

Akajikohoza. “Safari gani tena, shemeji? Bosi yuko likizo tangu mwezi uliopita. Likizo bila mshahara, aliomba mwenyewe. Na kabla ya hapo alikuwa anadandia mpaka safari za wenzake.” Kisha akaniona uso, akaanza kutafuta mlango kwa macho. “Labda mimi ndiye sijui vizuri.”

Weee! Damu ilinipanda kichwani. Mwezi mzima mtu ananiaga, anarudi, ananiletea picha za maporomoko ya maji! Kumbe ana mwanamke. Nilimwona kabisa yule mwanamke, nikamwona na kanga yake mlangoni anampokea begi. Nikamwambia dereva, ngoja hapo hapo, hizi takataka zake utambebea umpelekee. Nikashika ile picha ya maporomoko kwa mikono miwili, nikaing'oa.

Nyuma yake kulikuwa na ufa ambao kidole changu kidogo kingeingia. Juu ya ufa, kipande cha kioo kimebandikwa kwa gundi. Kimekatika katikati.

Nikashusha ya pili. Ufa, kioo, kimekatika. Nikashusha ya daraja, nikashusha ya njiwa, ya treni, nikawa nashusha tu, zingine zinapasukia sakafuni. Nyuma ya kila moja kioo, na kila kioo vipande viwili. Ufa ulianzia juu ya mlango wa mbele ukapanda kwa mshazari hadi kwenye ngazi, chini kabisa ya chumba cha mama.

Dereva alikuwa amevua kofia. “Shemeji,” akasema polepole, “hivi ni vyetu.”

“Najua ni vya nini.”

Tangi nikalielewa. Kabati nikalielewa, vitanda nikavielewa. Nilikuwa natafuta nyumba ndogo, kumbe kilichomkimbiza ni hii hii kubwa. Alikuwa anarudi, anakuta kimekatika, anabandika kingine, anatundika picha, anaondoka zake kwenda kuwatoa watu wengine kwenye nyumba zao. Na sisi anatuacha ndani. Nilimchukia, nasema wazi, nilimchukia mpaka meno yakauma.

Nikampigia. Akapokea kwa ile sauti yake ya njiani, ya mtu mwenye shughuli. “Mke wangu, niko mbali, huku mtandao—”

“Nimetoa picha.”

“Ngapi?”

“Zote.”

“Kile cha karibu na ngazi. Nilikibandika juzi.”

“Kimekatika.”

Nikamsikia anapumua. Kisha sauti ikamtoka kama si yake: “Mtoe mama.”

Nilipanda ngazi mbili mbili, dereva nyuma yangu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anamtania mtu huko chini. Nikamwambia tunashuka sasa hivi, ukuta umepasuka. Akanicheka. Akasema ghorofa hii kajenga mwanawe, mtu anayejua nyumba kuliko sisi sote, na yeye kwenye ngazi zile haburuzwi na mwanamke mwenye hasira na mumewe. Kumbe alikuwa amesikia kelele zangu zote.

“Basi ongea naye mwenyewe,” nikasema, nikampa simu.

“Mwanangu,” akasema, “mkeo huyu anataka kunishusha. Nishuke?”

Niliinama nikaweka sikio karibu. Nilitaka alitamke. Neno moja tu, tokeni, lile analowaambia watu asiowajua kila mahali.

“Mama, hujambo?” akasema mume wangu. “Shuka tu, mama, uote jua kidogo. Leo kuna jua zuri.”

“Kwa nini?”

“Jua ni zuri kwa mifupa.”

“Nimekuuliza kwa nini nishuke.”

“Mama, nakukosa, sikusikii vizuri. Niko mbali, mwendo wa siku nzima. Halafu kuna safari nyingine naunganisha huku huku. Nikirudi tutaongea.” Simu ikakatwa.

Mama akabaki ameishika. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni, na nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

“Huyu alipokuwa mdogo,” akasema, “akivunja kitu ndani anakwenda kulala kwa shangazi yake. Hasemi. Nilikuwa nikimkosa kitandani naanza kutafuta nini kimevunjika.” Akaniangalia. “Amevunja nini?”

“Nyumba, mama.”

Akanyoosha mikono miwili kama mtoto anayetaka kubebwa. “Nishusheni.”

Dereva alimbeba mgongoni. Kwenye ngazi tulisikia tena kile kijiti kikavu, kisha kingine, na vumbi jeupe likaanza kutudondokea nyweleni. Mlango wa mbele niliuvuta, ukagoma. Nikaupiga teke, ukagoma. Fremu ilikuwa imeushika. Nikapiga kelele, jikoni, jikoni! Tukapitia jikoni, tukatoka uani, tukazunguka, tukavuka barabara hadi dukani kwa jirani. Akatoa kiti, tukamkalisha mama.

Watu wakajaa. “Mmehamia dukani?” mmoja akauliza, wengine wakacheka. Nikaitazama nyumba yangu. Ilikuwa imesimama vile vile, pazia la mama linapepea, kiti chake kinaonekana dirishani. Nilianza kuona aibu. Nikawaza, labda nimekurupuka, labda watu watatucheka mwaka mzima.

Dirisha likainama. Sijui niseme vipi, liliinama polepole kama mtu anayeokota kitu, halafu chumba kizima cha mbele kikashuka chini, kikaingia koridoni na kila kilichokuwamo. Mlio wake niliusikia kifuani kuliko masikioni. Vumbi likatufunika. Mtaa ukalipuka kwa mayowe.

Vumbi halijatulia, mtu akapita mbele yetu anakimbia. Alitokea kona ya nyumba ya wageni, ile ya karibu na kinyozi, ambayo kutoka dirishani kwake unaiona nyumba yetu. Amevaa singlendi, taulo shingoni, ndala mguu mmoja, wa pili peku. Nilichelewa kumtambua kwa sababu sikuwahi kumwona mume wangu akikimbia kurudi.

“Mama!” alipiga ukelele. “Mama! Mama!”

Akajitupa kwenye kifusi. Akaanza kurusha matofali nyuma kwa mikono, anaita, anachimba, anaita tena jina langu katikati, anarudi kwa mama. Hakutazama kushoto wala kulia. Watu walitaka kumwambia, wakatugeukia sisi wakisubiri. Dereva akapiga hatua, na mimi nikafungua mdomo.

Mama alinikamata mkono. Sikujua ana nguvu kiasi kile. Machozi yalikuwa yanamchuruzika kwenye vumbi la mashavu, lakini macho hakuyabandua kwa mwanawe.

“Mama, tumwite. Anaumia. Ona vidole vyake.”

“Naviona.”

“Anadhani umekufa.”

“Mwache kidogo,” akasema. “Tangu nimzae, sijapata kumwona akibaki.”

Nikakaa chini kando ya kiti chake, na sikumwita.