Folda ya Chini Kabisa

Fundi kompyuta alikuwa na wiki tatu hajala akashiba. Posa yake ilikwisha fika kwa kina binti, mjomba wa binti akaipokea kwa uso mkunjufu, kisha akasema neno moja lililomkosesha kijana raha: yeye hana kauli, kauli anayo dada yake. Na huyo dada, ambaye ndiye mama mzazi wa binti, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atafikiri. Waliomfahamu walisema mama yule akifikiri, hufikiri kweli.

Basi Jumanne asubuhi binti, ambaye ni muuguzi na hana muda wa maneno mengi, akampigia simu. Kompyuta ya mama ofisini imegoma, barua pepe haziingii tangu Jumamosi, na fundi wa chuo yuko likizo. Aende akaitazame. Avae shati lililopigwa pasi, atoe shikamoo, na asijifanye mjuaji. Fundi akayasikia yote matatu, akayashika mawili.

Mama alikuwa mkuu wa masjala katika chuo cha ualimu, yaani chumba cha kutunzia mafaili, na kwa kukaa humo miaka mingi watu walimwita Mama Masjala hata wakikutana naye dukani. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini. Kila faili lilikuwa na namba mgongoni kwa wino mweusi, mkono uleule, mwandiko uleule. Kompyuta ilikaa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba ingeshikwa na baridi. Mama aliitikia shikamoo, akamwonyesha fundi kiti, akamwambia anaingia kikaoni mara moja, na kama kuna jambo halieleweki amsubiri amuulize.

Hakukuwa na jambo lisiloeleweka. Na hilo ndilo donda ndugu la kijana wetu: kila kitu hukielewa upesi mno. Aliona diski imejaa pomoni. Akaona kilichoijaza ni programu ya barua pepe, na ndani ya programu ni folda moja tu iliyovimba kuliko zote, ile ya chini kabisa kwenye orodha, inayoitwa Taka. Ilikuwa na barua elfu arobaini na moja, mia mbili na sita, ya kwanza ikiwa ya miaka tisa nyuma. Fundi akacheka peke yake. Akasema moyoni, ama kweli wazee wetu, miaka tisa mtu hajamwaga pipa! Akazichagua zote, akafuta. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akajibu ndiyo kabla hajamaliza kusoma swali.

Folda ikawa nyeupe pe. Lakini alipotazama diski, imejaa vilevile, haikupungua hata chembe. Akaguna. Mara kijisanduku kikatokea katikati ya kioo, kikauliza kama abane folda ili kupata nafasi, na chini yake vitufe viwili, Bana na Baadaye. Alikwisha kuupeleka mshale kwenye Bana mama alipofungua mlango.

Akamweleza kwa furaha kwamba ugonjwa umeonekana, zilikuwa taka tu zimerundikana, naye amezimwaga zote. Mama akavaa miwani. Akauliza taka zipi. Fundi akamwonyesha folda tupu. Mama akaitazama kitambo, akakipapasa kiti kwa mkono kabla ya kukikalia.

"Hizo ni barua zangu," akasema. "Zote zilizokwisha."

Akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza makarani wapya. Katika masjala, jambo ambalo bado linashughulikiwa hukaa rafu ya juu, mbele ya macho. Likishajibiwa, hushuka. Likishakwisha kabisa, huwekwa rafu ya chini, lipumzike huko mpaka atokee wa kuliuliza. Kompyuta ilipoletwa, naye alitafuta rafu ya chini. Aliiona, ipo chini kabisa, ina nafasi, akaanza kushusha. Wala hakuwa peke yake. Makarani wote aliowafundisha walifanya hivyo hivyo, mkutubi naye akaiga, na mkuu wa chuo mwenyewe hati zake za uteuzi alizihifadhi kwenye Taka. Fundi wa chuo alilijua hilo tangu zamani, kwa sababu siku ya kwanza aliuliza.

Kijana alitamani kusema kwamba jina la folda lilikuwa limeandikwa wazi. Hakusema, ila uso wake ulisema.

"Jina nililiona," mama akamwambia. "Nyie watu wa kompyuta kidude cha mezani mnakiita panya. Ndani ya kioo mna madirisha yasiyoingiza upepo. Mimi nianze kushangaa taka?"

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta tumaini, kama hicho si kirusi. Amesikia kuna virusi vinavyokula barua. Huenda ndicho kilichozila.

Jamani, uongo ulikuwa umeletwa mezani umeshapakuliwa, bado kunawa mikono tu. Angesema ndiyo mama, ni kirusi, tena kikali. Angebonyeza Bana, ushahidi ukafutika, kompyuta ikakimbia kama mpya, naye akaondoka anashukuriwa. Ukweli, kwa upande wake, ulikuwa na harufu ya posa iliyorudishwa. Akamfikiria binti. Akafikiria nyumba waliyokwisha kuipanga kwa maneno, hata mahali pa kuweka kabati. Akauondoa mshale kwenye Bana kama anayeondoa mkono wa mtoto kwenye moto, akabonyeza Baadaye.

"Hapana, mama," akasema. "Si kirusi, ni mimi. Nimezifuta bila kukuuliza."

Mama akavua miwani, akaanza kuifuta. Ni heri angemkaripia. Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafikiri kabla ya kugusa kitu. Ndipo akakumbuka diski. Kwa nini haikupungua?

Akamwambia mama kuna uwezekano zimo. Programu ile huandika kila folda katika daftari moja refu. Ukifuta barua haichani ukurasa. Huweka alama ndogo pembeni kwamba ukurasa huu usionyeshwe tena. Kurasa huchanwa siku mtu anapobana. Mama akauliza kama kitufe hicho amekibonyeza. Fundi akasema alikuwa karibu. Mama akasema hakuuliza habari za karibu.

Kazi ikachukua muda mpaka saa tisa alasiri. Alilinakili daftari lote kwenye diski ya nje aliyokuja nayo, akaifungua nakala, akaanza kuondoa alama. Kila mara kabla ya kubonyeza alisema anabonyeza nini na kwa nini, na mama, aliyekuwa amevuta kiti karibu, alimruhusu kwa kutikisa kichwa. Chakula cha mchana kilipita hakuna aliyekiulizia. Hatimaye barua zikajipanga kwenye folda mpya, iliyokaa ndani ya diski ile ya nje, aliyoipa jina Zilizokwisha, na kwa kuwa orodha hufuata alfabeti, herufi Z ikaiteremsha yenyewe hadi chini, chini hata ya Taka. Mama akaafiki mahali pake.

Kasoro ilikuwa moja. Ziliondoka elfu arobaini na moja, mia mbili na sita. Zilirudi elfu arobaini na moja, mia mbili na kumi na tisa. Fundi akahesabu tena, akaelewa: kwa kuwa daftari halikubanwa hata siku moja, zimefufuka pia zile ambazo mama mwenyewe alizifuta humo kwenye Taka kwa kukusudia. Katika miaka tisa, mwanamke huyu alitupa vitu kumi na tatu. Akazitafuta ili azitenge. Kumi na mbili zilikuwa matangazo ya dawa za kurefusha nywele. Ya kumi na tatu haikuwahi kutumwa, na ilifunguka kabla hajapata nafasi ya kugeuza macho.

"Kaka, shikamoo. Kuhusu posa, naona tuwajibu hapana. Kijana ana ufundi, ila mkono wake hutangulia akili. Siku ya kwanza kuja kwangu alifungua redio yangu bila kuniuliza, na mpaka leo inakamata stesheni moja, tena kwa lugha nisiyoijua."

Wakaisoma wote wawili. Nje kulisikika mtu akiburuta meza. Fundi akasema kwa sauti ndogo kwamba redio inatengenezeka. Mama akamwambia asiiguse.

"Yaliyomo humo ni kweli," akasema, "na leo asubuhi umeyapigia muhuri. Niliiandika, nikaona sijapata upande wa pili wa habari, nikaitupa. Mtu anayeharibu nilishamwona. Sikujua kama ukiharibu unasema."

Akamwagiza azifute zile kumi na tatu, safari hii kwa idhini, alisafishe na daftari la zamani kwa kuwa nakala ipo, kisha abane. Diski ikashusha pumzi. Barua za siku tatu zikaanza kumiminika, mama akaziacha zimiminike. Akavuta kibodi kwake, akaandika kwa vidole viwili, huku fundi akiutazama ukuta kwa adabu. Alipomaliza akamwambia asome.

"Kaka, shikamoo. Waambie waje Jumamosi. Kijana huharibu, lakini akiharibu husema, na akishasema habanduki mpaka atengeneze. Binti yetu anaweza kuishi na mtu wa namna hiyo."

Herufi zikamcheza fundi machoni. Mama akamsogezea panya atume. Akauliza kama mama ana uhakika. Anao. Akauliza kama anwani ya mjomba ni hiyo. Ni hiyo. Akauliza kama asingependa kuisoma upya, au kuihifadhi kwanza mpaka kesho.

"Mwanangu," mama akasema, "bonyeza."