Maua ya Mama Yalale Nyumba Mbili

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Kulikucha na ukungu mweupe kama pamba iliyochambuliwa, na barabara mbele ya duka la kudarizi haikuonekana mpaka jua lilipopanda.

Ndani, mdarizi alikaa kati ya kompyuta mbili. Ile kuukuu ilikoroma kama mgonjwa na kuzimika ilipopenda. Mpya ilikaa kimya kama mgeni. Katikati palikuwa na waya mmoja mweusi, na ndani ya waya huo yalikuwa yakihama maua ya mama mkwe wake.

Marehemu aliyachora kwa penseli maisha yake yote: asumini, mayungiyungi, na mengine yasiyo na jina kwa kuwa aliyaona ndotoni. Karatasi zenyewe ziliozeshwa na mvua paa lilipovuja. Zilibaki picha zake ndani ya kompyuta, ambazo mashine ya kudarizi ilizisoma. Zikipotea hizo, mkono wa mama umepotea duniani.

Mdarizi alitazama mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo, midomo ikisali bila sauti. Aliona kama mama mkwe anatembea humo na kikapu, akiyahamisha maua bustani hadi bustani, akigeuka kila mara kuhakikisha hajasahau hata moja.

"Yamefika yote," alisema fundi wa kompyuta, mtu wa kitambi na utani mwingi. "Ila usilale usingizi wa pono. Mpya nazo hufa."

"Usiitabirie mabaya, haijamaliza hata siku moja."

"Sitabiri. Nimezika nyingi." Akachomeka diski ndogo. "Hii inakaa hapa. Kila jioni kompyuta itajinakili humu yenyewe. Ya pili isilale chini ya paa hili. Ukija moto, au mwizi, vyote vitaondoka pamoja. Mpe mtu unayemwamini, na kila mwezi iongezwe kazi zako mpya."

Mume wake, aliyekuwa akikunja vitambaa mlangoni, alikohoa. "Dada yangu yupo mtaa wa pili."

Tangu maziko ya mama, mdarizi na wifi yake walikuwa hawasemeshani. Wifi aliomba nakala ya maua. Yeye akamjibu kuwa yatazagaa mjini, kila mwenye cherehani ajifanye ameyachora. Alimnyima mtu maua ya mama yake mzazi.

Diski ya pili ilipokuwa ikijaa, usingizi ulimpitia. Akaota anabisha nyumba baada ya nyumba, maua yamemjaa mikononi, na kila mlango unaofunguliwa ni wa wifi yake. Alipozinduka, alisema "Amina" kabla hajajua anaitikia nini. Akachukua diski, akatoka. Mume akafuata. Fundi naye akafuata, akidai lazima akague kama paa la huko halivuji.

Wifi alikuwa uani akianika mashuka.

"Wifi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimeleta maua ya mama."

"Si yatazagaa mjini?"

"Nilikosea, wifi. Yalikuwa yako kabla hayajawa yangu. Yafanyie upendavyo. Naomba tu yalale kwako, ya kwangu yakiungua yawepo haya."

Wifi alikausha mikono kwenye kanga, akaipokea diski, akaipima kiganjani. Mashuka yalipepea, wakawa mara wanaonekana, mara hawaonekani.

"Mama na unene wake wote ameenea humu?"

Wakacheka, na machozi yakawatoka humo humo kwenye kicheko.

"Nitayatunza," wifi alisema. "Ila mwezi ukifika usinitumie mtu. Uje mwenyewe."

"Aape tusikie," mume alisema, na fundi akavua kofia.

Mdarizi aliinua mkono wa kulia. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, kila mwezi nitakuja mwenyewe, nitakaa, na sitakunyima tena ua lolote la mama."