Kitambaa Cheusi cha Rosalie

Alfajiri ya tisa mfululizo Rosalie alimwota marehemu mume wake. Symphorien aliketi ukingoni mwa kitanda na salopeti yake, ovaroli ya kiwandani, akampulizia machoni polepole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Pumzi ikageuka ukungu, ukungu ukageuka maji, na Rosalie akaelea. Alipoamka, kope zilimwasha. Akatazama kioo: nyekundu, zimevimba, na vipele kama punje za mtama.

"Eeh, Symphorien anakatala," akasema Tantine Adrienne, dada wa marehemu, mikono kiunoni. "Mujane ya kulia na roho yote, macho yake haifurake hivi. Hatutakuosha hii dimanche. Utavaa kilamba nyeusi mwaka ingine."

Mwaka mzima wa kitambaa cheusi shingoni ulikuwa umeshapita. Jumapili hiyo wakwe walipaswa kumwosha na kumtoa katika matanga, na masista wa Kakanda walikuwa wamemwekea cherehani ya kazi atakapotoka matanga, katika chumba chao cha kushonea, mpaka mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo angeikalia mwingine.

Tantine alikuwa amempaka maji ya majani makali. Yakawa moto juu ya moto. Jumatatu Rosalie akaenda kwa miguu mpaka dispensari. Muuguzi Barnabé, mzee wa miwani, alimwita sitwayene, yaani raia, kama serikali ilivyotaka miaka ile, akamwinua kidevu kuelekea dirishani.

"Unaona muzuri? Ndani ya jicho inauma?"

"Hapana, baba. Ni ngozi tu, inawasha."

"Na ku shingo?"

Akajipapasa. Kweli, chini ya fundo la kitambaa chake cha matanga palikuwa na vipele vilevile. Barnabé akalowesha pamba, akaipitisha kwenye pindo la kitambaa. Pamba ikatoka nyeusi tii.

"Hii rangi munatiaka lini?"

"Kila mwezi, jua ikiipausha. Tantine anakataza kusuuza, ati weusi utakimbia."

"Na machozi unapangusa nayo! Ngozi ya kope ni nyembamba kupita yote, mama, njo inaungua ya kwanza. Toa hii kilamba. Osha na maji safi ya baridi, usisugue, paka vazelini kidogo. Majani, bila! Siku kumi na tano utapona. Jicho ikianza kuuma, ao unaona giza-giza, rudia mbio."

Nyumbani Tantine alipiga makofi. "Kuitoa mbele ya kuoshwa? Barnabé iko munganga ya wafu?"

Mama Gertrude, mama wa marehemu, alikuwa akichambua maharagwe. Hakupaza sauti, hakuna aliyewahi kumsikia akipaza. Alinyoosha mkono, akafungua fundo shingoni mwa mkamwana wake, akajifunga mwenyewe kile kitambaa.

"Kama Symphorien anakasirikia muke yake, sawa. Lakini minye nilimunyonyesha. Tutaona kama atanichoma na minye."

Siku tatu akajipangusa uso nacho, jasho na machozi. Katika ndoto za Rosalie Symphorien alikuja bado, lakini aliketi tu, hakupuliza. Ijumaa asubuhi kope za Mama Gertrude zilikuwa nyekundu, zimejaa vipele.

Tantine akaja kuzitazama kwa karibu.

"Sema sasa," mama yake akamwambia. "Nilimukosea mutoto wangu nini?"

"Hapana, mama."

"Basi, kachote maji ya dimanche."

Jumapili wakamwosha Rosalie uani, kope zikiwa bado na uwekundu wa mbali. Maji yalimshukia mabegani, mepesi, hayaishi. Mama Gertrude aliketi pembeni, kitambaa cheupe chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, akiongoza kazi kwa kusikiliza tu.

"Adrienne! Nyuma ya masikio haukufika."