Mahindi Yaliyokwenda Kunywa

Jumanne asubuhi Nyawira alishuka kwenye bodaboda kwa Mama Maluki, huko Gatuanyaga, begi la vipimo mgongoni na vumbi hadi kwenye nyusi. Mwenyeji wake alimpa maji kwenye kikombe cha bati. Nyawira akanawa uso kwa nusu yake, nusu nyingine akainywa, kisha akarudisha kikombe bila kuomba zaidi, maana aliujua mwendo wa kwenda kisimani. Ndipo akaingia shambani.

Mama Maluki, ambaye wenzake wa kanisani walimwita Mbula, alikuwa amekiruhusu kituo cha utafiti, alikofanya kazi Nyawira, kupanda mahindi ya majaribio katika shamba lake. Kituo kilitaka kujua mahindi yanaweza kuishi na maji machache kiasi gani. Ili mvua isije ikaharibu jaribio, kilisimamisha miti na kutandaza paa la plastiki juu ya mimea yote. Tangu paa lijengwe mvua haikuwa imenyesha.

"Mmezuia vizuri," Mbula alizoea kumwambia Nyawira, wala hakucheka.

Asubuhi hiyo mstari wa mwisho haukuwapo. Mahali pake palibaki vishimo safi, kama ufizi wa mtoto aliyeng'oka meno. Kutoka kwenye vishimo hivyo zilianza alama za mizizi, zimetapakaa kama nyayo za kuku, zikapita chini ya plastiki, zikavuka kijito kikavu na kupanda mwinuko.

"Yameenda kunywa tangu jana alasiri," Mbula alisema kutoka kivulini, ungo wa mbaazi mapajani. "Juzi pia yalienda. Juzi lakini yalirudi mapema."

Nyawira aliuliza kama yalikwenda yote kwa pamoja au moja moja. Mbula akasema yalikwenda kwa pamoja, marefu yakitangulia. Aliweka ungo chini, akajifunga leso kiunoni, wakafuata alama hizo.

Juu ya mwinuko palikuwa na ua wa seng'enge, na ndani ya ua palikuwa na bwawa. Ng'ambo ya bwawa vibanda vya plastiki vya shamba la maua vilienea mbali sana, vyeupe, kama mawingu yaliyochoka yakaja kulala chini. Mahindi yalikuwa yamejipanga kando ya ua. Yalikuwa yamepenyeza mizizi chini ya waya hadi majini, nayo yalikunywa polepole, bila kelele. Majani ambayo wiki iliyopita Nyawira aliyakuta yamejisokota kama karatasi ya sigara sasa yalikuwa yamekunjuka, mapana, yakipungapunga kidogo.

Ndani ya ua alikuja kijana mwenye gambuti, reki begani. Alikuwa Maluki, mwana wa Mbula, aliyekuwa akifanya kazi kwenye pampu za shamba hilo.

"Sasa, Nyawira."

"Poa. Yanakusumbua?"

"Hapana, yamekaa tu." Alimgeukia mamake. "Umeamkaje, mama? Supavaiza amesema niyatoe. Nimemwambia nitaanzia upande ule mwingine."

"Upande ule mwingine kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Mbula aliegemea nguzo ya ua na kuyatazama maji. "Kijito chetu kiko humu," alimwambia Nyawira, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni mahali jirani alipohamia. "Huyu nilimwogeshea pale chini, kwenye mawe. Maji yalinifika magotini. Halafu wakaziba huku juu."

Nyawira aligeuka kuutazama mkondo mkavu kule chini. Ripoti za mradi alizisoma, nyingine alisaidia kuziandika, na zote zilianza kwa kusema kwamba eneo hilo ni kame kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Mvua ilikuwamo katika ripoti hizo, joto lilikuwamo, na aina ya udongo. Kijito hakikuwamo.

Mchana mahindi yalirejea. Yaliteremka mwinuko kwa mchakacho wa chini, kama watu wanaotoka ibadani wakizungumza mambo yao, na kila mmea ukaingia kwenye kishimo chake, ukajivutia udongo miguuni. Upepo uliokuja nyuma yao ulikuwa na harufu ya matope. Mbula aliacha alichokuwa akifanya, akaivuta harufu hiyo hadi ilipopita.

Mkuu wa mradi alikuwa Daktari Githinji, mtu mpole aliyependa kusikiliza huku akichovya mandazi kwenye chai. Kesho yake, katika ofisi yake mjini Thika, Nyawira alimweleza yote.

"Mstari gani huo?"

"Wa mwisho. Lakini jana jioni wa pili kutoka mwisho nao ulikuwa umeanza kujing'oa."

"Na yalikunywa?"

"Yalikunywa, Daktari. Maji ya bwawa la shamba la maua. Mama Maluki anasema bwawa ndilo lililomeza kijito chao."

"Basi jaribio limeingia doa." Alipangusa vidole. "Sisi tunapima kiu, Nyawira. Mmea uliokunywa hauna kiu. Yafunge."

Nyawira alinunua kamba za katani sokoni. Alishinda siku nzima chini ya paa la plastiki akiufunga kila mmea kwenye kigingi chake, fundo lisilokaza sana, kama watu wanavyofunga mbuzi wa maziwa. Mbula alimtazama kutoka mlangoni. Saa kumi mahindi yakaanza kuvuta. Hayakuvunja kitu. Yaliinamia tu upande wa mwinuko, yote pamoja, kamba zikanyooka na vigingi vikalia kwa sauti nyembamba. Sauti hiyo ilimfanya Nyawira aketi chini. Alimkumbuka marehemu shosho, nyanya yake wa Kiganjo, ambaye siku zake za mwisho alikuwa akivuta shuka usingizini, akivuta na kuvuta, akidhani anateka maji.

Mbula alikuja na kisu cha jikoni. Alianza kukata kamba katika mstari wa kwanza, bila haraka, wala hakumwangalia Nyawira.

"Mama Maluki, nikirudi bila vipimo hawataniongezea mkataba."

"Najua, mwanangu."

Aliendelea kukata. Alipofika katikati ya shamba mgongo ulimshika, akasimama kuunyoosha. Nyawira aliinuka. Mistari iliyobaki aliifungua yeye mwenyewe kwa vidole, kwa sababu kisu kilikuwa kimoja. Mahindi yalimpita pande zote mbili, yakimgusa mashavuni kwa majani makavu, yakaondoka.

Nyawira aliporudi bila vipimo, Daktari Githinji alikuja kujionea. Alikalia kigoda kando ya kijito kikavu, kofia magotini, akayatazama mahindi yakipanda mwinuko kwenye mwanga wa manjano. Alikaa hapo muda mrefu. Mbula alimletea chai, naye akaishika mpaka ikapoa.

"Nilikosea," alisema mwishoni. "Hili si doa. Hii ni sifa. Mmea unaojitafutia maji. Umewahi kusikia?"

"Hayajitafutii," Nyawira alisema. "Yanajua yaliko."

"Ndiyo hiyo sifa yenyewe."

Hivyo Nyawira akaongezewa mkataba. Mbegu zilivunwa, zikakaushwa, na mkutano ukaitishwa katika hoteli moja ya Ruiru, yenye viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Walikuja wafadhili, maofisa wa kilimo na watu wa kampuni za mbegu. Daktari Githinji aliwaonyesha picha ya mahindi yakivuka barabara ya vumbi huku bodaboda wawili wakisubiri. Watu waliandika. Mmoja aliuliza yanatembea kwa kasi gani, mwingine akauliza kama yanaweza kupotea njia. Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi.

Ilipofika zamu yake, Nyawira aliacha maneno aliyokuwa ameyaandaa.

"Yanakwenda kwenye bwawa," alisema. "Kulikuwa na kijito kinachopita kwenye mashamba ya Gatuanyaga, kikazibwa huko juu ili kumwagilia maua. Mahindi yetu ya kawaida yangeishi kama kijito kingekuwapo. Hata haya yasingehitaji kutembea. Yangekuwa yamekaa tu."

Ukumbi ulimsikiliza kwa heshima. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa mchango mzuri, akasema suala la maji lina ofisi yake nyingine, na wenzao wa ofisi hiyo ni watu wazuri. Kisha akauliza kuhusu mavuno. Nyawira akamwambia mavuno, kwa sababu alikuwa ameulizwa, na kwa sababu mavuno yalikuwa mazuri.

Wakati wa chakula cha mchana Daktari Githinji alikuja kusimama karibu naye, sahani mkononi. "Ulisema kweli," alimwambia kwa sauti ya chini. Akamwongezea kipande cha kuku kwenye sahani yake, akaenda kuzungumza na wafadhili.

Msimu uliofuata mbegu zilifika Gatuanyaga yote. Ilipofika alasiri, mahindi yalitoka mashamba mengi, yakakutana barabarani na kupanda pamoja. Watu walizoea. Waliokuwa na safari walisafiri asubuhi. Mchungaji alisogeza maombi ya jioni mbele kidogo, maana mchakacho uliwapotezea watu sauti za nyimbo.

Shamba la maua nalo lilijenga ukuta. Ulikuwa wa mawe ya kuchonga, mrefu kuliko mtu, na msingi wake ulishuka chini kupita mizizi. Maluki aliwaeleza siku ulipokamilika, akiwa ameketi kwenye kizingiti cha mamake akijikuna simiti iliyogandia vidoleni.

"Waliniweka kwenye kuchanganya simiti," alisema.

"Ulichanganya vizuri?" Mbula aliuliza.

"Vizuri, mama."

"Haya. Nawa ule."

Mahindi hayakuacha kwenda. Yalifika ukutani, yakajipanga, yakaegemeza majani kwenye mawe. Ng'ambo, wakati wa kunyunyizia maua, maji yalisikika vizuri sana, na upepo ukivuma kutoka huko manyunyu machache yalivuka ukuta. Mahindi yalikuwa yamejifunza kuyasubiri.

Nyawira alikuwa akipanda mwinuko pamoja nayo siku za kupima. Hakuwa na kazi kubwa huko juu. Alikaa majanini kando ya Mbula, ambaye alikuja kila alasiri kwa sababu, alisema, nyumbani palikuwa kimya mno mahindi yakishaondoka. Walimsikia Maluki upande wa pili akifungua pampu. Kisha maji yakaanza. Yalipiga plastiki, yakatiririka kwenye mifereji, na Mbula akafumba macho, akavua viatu, akanyoosha miguu mbele yake.

Siku hiyo upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwenye maua. Walikaa mpaka pampu zikazimwa, wao na mahindi, kisha wakateremka wote.