Kipande Kisichopinda

Tangu roshani ya hosteli aliyoipigia hesabu mwenyewe ilipoanguka na kumuua dobi aliyekuwa akianika mashuka juu yake, kaka mtu hakugusa tena kazi. Alikuwa mhandisi wa kutegemewa. Sasa alishinda sebuleni na fulana ile ile, akitazama ukuta. Mdogo wake wa kike, mhandisi pia, aliapa kumtoa pale.

Kosa, alijiambia, lilikuwa la kompyuta. Programu yao hukata jengo katika vipande vidogo kama matofali, kisha hukokotoa kila kipande kitapinda kiasi gani. Vipande vya zamani vilikuwa vikaidi: ukiipa roshani nyembamba tabaka moja tu la vipande, vinajikaza, navyo vinakuapia kwamba zege haliendi popote. Kaka ndiye aliyemfundisha hayo, akavibatiza vichwa ngumu. "Kama wewe," alimtania.

Miezi kadhaa dada alijifungia ofisini, akila akikumbuka, mpaka akapata kipande kipya kinachopinda kama zege linavyopinda. Akairudia roshani ile ile kwa tabaka moja, kama kaka yake alivyofanya. Safari hii, pale ilipoungana na ukuta, picha iligeuka nyekundu ya hatari. Alilia kwa furaha, akakimbilia nyumbani na kompyuta kwapani.

"Kaka, tazama. Si wewe. Ni vile vichwa ngumu."

Kaka mtu alivaa miwani kwa mara ya kwanza tangu ule msiba. Akaikuza picha, akapitisha kidole kwenye ile nyekundu, na uso ukamchangamka.

"Umenipita, mdogo wangu. Kazi safi." Halafu kidole kikatulia. "Na vile vya zamani, je? Kama ningekata matabaka manne badala ya moja?"

Jibu dada alilijua tangu mwanzo, na ndiyo maana hakuthubutu kulijaribu. Matabaka manne yangesema kweli. Yangeichelewesha kompyuta tu hadi kesho yake, na siku ile ya kuipigia hesabu roshani kaka alikuwa na haraka ya kwenda kumwona yeye akitunukiwa shahada.

"Yangeonyesha," alisema, machozi yakimlenga.

Kaka mtu alivua miwani, akaikunja taratibu, akamrudishia kompyuta yake.

"Ulipendeza sana siku ile," alisema, akaugeukia ukuta.