Sahani ya Saba

Kila mtu katika nyumba ile aliijua sheria: chombo cha jikoni hakiingii kwenye banda la spana, na atakayekiingiza ataosha vyombo mwezi mzima.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameifunga mara tatu klachi ya pikipiki yake kuukuu ya magurudumu manne. Injini ilinguruma, gia iliingia, lakini magurudumu hayakusogea hata shubiri. Na kesho ilimpasa kumpeleka mama yake hospitali, kwa njia ya matope isiyopitika kwa chombo kingine. Kitabu cha pikipiki kilitaka sahani saba za klachi, zile duara bapa zinazobanana ili nguvu ya injini ifike magurudumuni. Alinunua saba, akaziroweka saba katika oili tangu jana. Sasa alihesabu sita, akahesabu tena, zikawa sita zile zile. Akili ilimruka.

“Mwalimu, hujaiona sufuria yangu ya maziwa?” mkewe aliuliza mlangoni mwa banda.

“Sijaiona.”

“Basi imeota miguu. Mbona umekunja uso?”

“Sahani moja imepotea, mke wangu, wala sielewi imepitia wapi.”

Mkewe aliinama, akaivuta sufuria iliyofichwa chini ya meza, akaimimina oili kwenye debe. Sahani ya saba ilikuwa imenata kitakoni.

“Wanafunzi wako wa hesabu wana kazi,” alisema.

Alasiri pikipiki ilipanda kilima bila kusitasita. Jioni mwalimu alisimama mbele ya karai, mikono imejaa povu, akaanza na sufuria ile.