Kipimo cha Mvuje

Tangu homa ya vuli, pua ya Dhanvati Bhan haikunusa kitu: si moshi, si maziwa yaliyochacha. Aliificha siri hiyo miezi minne. Mtaa mzima wa Rainawari, huko Kashmir, ulimjua kwa rogan josh yake, nyama ya mchuzi mwekundu, na mtu aliyeitwa fundi kwa miaka thelathini hajui kuwa kitu kingine.

Asubuhi ya Salaam, siku inayofuata usiku wa Herath, sikukuu kuu ya Wapandit, Wahindu wa Kashmir, alikaa mbele ya jiko kama kila mwaka. Kwa desturi ya nyumba ile, nyama ya sikukuu hupikwa na mama mwenye nyumba peke yake. Mkwe wake Girija, aliyeolewa kutoka Lucknow kiangazi kilichopita, aliruhusiwa kutwanga shamari na tangawizi kavu, basi. Kwao ni Wapandit pia, lakini walihama Kashmir enzi za mababu, na huko walikohamia walizoea vitunguu. Jambo hilo halikusahauliwa.

Mpandit hatii kitunguu wala saumu katika rogan josh. Majirani Waislamu hutia, na yao ni tamu kwa namna yake. Mpandit hutumia mvuje, utomvu mkavu uliolowekwa majini. Ukiwa mbichi hunuka kama saumu iliyooza. Matone machache yakiingia katika mafuta ya haradali yaliyochemka, ukali hutulia, hubaki ladha nzito nyuma ya ulimi. Ukizidi, mlaji ataapa kwamba amelishwa saumu. Kwa hiyo mvuje haupimwi kwa kijiko, hupimwa kwa pua.

Dhanvati alitia matone yake, akangoja harufu ipande. Haikupanda. Akatia tena. Nyama ilipokwisha kukolea mtindi na pilipili nyekundu, shaka ikamrudia, akamimina maji yote ya mvuje yaliyobaki bakulini.

Mchana alikuja Jia Lal, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Walikaa chini kula, theluji ikidondoka paani, naye akasimulia yale anayosimulia kila mwaka: kwamba nyama hii ilikuja na wafalme kutoka Uajemi, na wazee wao wakaivua vitunguu, wakaivika shamari. Kisha akatia tonge kinywani. Akaacha kutafuna. Akatema pembeni ya sahani.

"Nani ametia saumu humu?"

Avtar, mtoto wa Dhanvati, alionja, akamtazama mkewe.

"Mimi sikugusa chungu," alisema Girija.

"Kwenu si mnatia vitunguu hata kwenye chai?" Jia Lal alimtania, ila hakuna aliyecheka. Akamgeukia Dhanvati. "Shemeji, huyu alikaribia jiko?"

Jibu lilikuwa fupi, na Dhanvati alilijua. Akasema, "Alikuwa jikoni asubuhi yote."

Hakuna neno la uongo hapo. Alilikagua neno moja moja, na kila moja lilikuwa kweli, na ndipo aibu ilipoanza kumpanda shingoni.

Jia Lal akatoa uamuzi wake kama mtu anayesoma barua. Girija asikanyage jikoni. Avtar amwandikie baba mkwe wake, binti arudi kwao kufundishwa. Girija hakulia. Aliinuka kukusanya sahani, Jia Lal akamwambia aziache, asizishike.

"Shemeji, ni mvuje," alisema Dhanvati. "Nimeuzidisha mimi. Pua yangu imekufa tangu vuli."

Jia Lal alimtazama kidogo, kisha akatabasamu. "Mnamwona? Huyu ndiye mama. Anambebea mkwe aibu yake." Avtar akainama kumgusa mama yake miguu kwa heshima.

Sifa ile ilimchoma kuliko tusi. Aliingia jikoni, akarudi na makopo mawili, la shamari na la mvuje. Akayaweka mbele ya Jia Lal, akafumba macho, akamwambia amsogezee lolote puani.

Akavuta pumzi. Ilikuja hewa ya baridi tu. Mtu mmoja akakohoa. Naye, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu, akasema, "Shamari."

Alipofumbua macho, Jia Lal alikuwa ameshika donge la mvuje kwa mkono ulionyooshwa mbali, uso ameugeuza. Avtar ameziba pua kwa shali.

"Girija hakugusa chungu," alisema Dhanvati. "Nilijua uliponiuliza."

Jia Lal alirudisha donge koponi, akafunika. Alianza kusema, "Binti, hizo sahani," akashindwa kumaliza. Girija alizikusanya mwenyewe, akaenda nazo jikoni.

Dhanvati alimfuata hadi mlangoni.

"Uliniangalia usoni, mama," alisema Girija, mgongo kwake. "Ukasema lile neno huku unaniangalia."

"Nilikuangalia."

"Kesho utapika, mimi nitakunusia. Leo usiniombe kitu."

Akaanza kusugua chungu. Dhanvati alibaki kizingitini mwa jiko lake, akingoja aambiwe aingie.